Ndoo Isiyokuwa Kwenye Mchoro

Jumatatu, 15 Septemba

Mchungaji ametuambia sisi akina mama wa ushirika tuandike kila siku jambo moja la kushukuru, kuanzia leo mpaka Krismasi. Nimenunua daftari hili hapa London, Kilburn High Road, lina jalada la kijani. Sijaandika kitu kirefu tangu nitoke shule kidato cha pili kule Voi, kwa hivyo Mungu anisamehe mwandiko.

Leo nashukuru kwa magoti yangu. Yamepanda na kushuka ngazi za mabasi kumi na manne na hayakulalamika.

Jumanne, 16 Septemba

Nashukuru mvua ilisubiri mpaka nikafika nyumbani.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo gereji ya mabasi ninakosafisha imeletewa injinia. Tulitarajia mzungu mwenye kofia ya plastiki, kumbe ni binti wa kwetu, anaitwa Shiro. Aliletwa London akiwa na miaka minne. Kiswahili anakisikia vizuri, ila akianza kukizungumza kinamchechemea, na kikimshinda kabisa anakimbilia Kiingereza. Ananiita Anti.

Kampuni inataka kompyuta ndiyo ipange mabasi yetu ya umeme: lipi lichajiwe kwanza, lipi lilale njia gani, lipi lisogezwe saa ngapi. Lakini kabla ya hapo Shiro lazima achore gereji yote jinsi ilivyo. Mchoro huo anauita modeli. Nilimwuliza picha moja itatosha kweli gereji nzima, akasema hapana, iko ya aina mbili.

"Ya kwanza ni ya vitu, Anti. Nini kiko ndani ya nini. Gereji ina yadi, yadi ina njia, njia ina chaja, basi lina deki mbili."

"Na sisi watu?"

"Na nyinyi mko ndani. Ya pili ni ya matendo. Nani anafanya nini, baada ya nini, na nini lazima kiwe tayari kabla kingine hakijaanza."

Nikamwambia, basi ya kwanza ni kabati langu la jikoni na ya pili ni mimi nikipika. Alicheka, akayaandika. Halafu akasema jambo ambalo nimerudi nalo nyumbani: kitu kisichokuwa kwenye modeli, kompyuta haitajua kama kipo duniani.

Alituketisha kantini watu watatu. Mimi. Hillary, msafishaji mwenzangu, kijana wa Eldoret wa miaka thelathini na kitu, anayeniita Mama Marion kwa jina la binti yangu. Na Mzee Tarsem, shanta wetu wa asubuhi. Shanta ndiye anayesogeza mabasi ndani ya yadi, toka njia hii kwenda ile. Tarsem ni Singh wa Nakuru, baba yake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili chake kinanishinda mimi kwa matusi na kwa methali.

Shiro akamwuliza, "Mzee, kabla hujasogeza basi, unajuaje kwamba hakuna mtu ndani?"

Tarsem akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Hillary. Hillary akatazama chai yake.

"Napanda," Tarsem akasema, kama anayesoma kitabu cha kampuni. "Nakagua deki ya chini. Nakagua deki ya juu. Nashuka."

Shiro akatugeukia. "Ndivyo?"

Tukasema ndivyo.

Sivyo. Na kwa kuwa daftari hili ni langu na Mungu, niandike ilivyo. Mabasi ya zamani ya dizeli yalikohoa kwanza kabla ya kuondoka, mtu aliye juu akajua. Haya ya umeme yanaondoka kama paka. Yalipokuja tu, Tarsem na sisi wasafishaji tulipatana: ukiingia basi kusafisha, unaweka ndoo yako chini, mbele ya gurudumu la mbele. Tarsem akiona ndoo, hagusi basi. Asipoiona, anaondoka nalo. Na sheria moja juu ya hiyo: aliyeweka ndoo ndiye anayeiondoa. Miaka minne, hakuna aliyeumia.

Lakini mwaka jana dereva mmoja alijikwaa kwenye ndoo, na meneja wetu, Malek, akabandika tangazo kwamba hakuna ndoo kuachwa yadini. Basi tukaanza kuisukuma upande wa kulia, ambako shanta anaiona na dirisha la ofisi haliioni. Ndiyo maana hatukumtajia injinia. Unamtajiaje mtu kitu ulichokatazwa?

Nashukuru kwa kazi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nashukuru. Marion alipiga simu toka chuoni, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, dakika arobaini.

Alhamisi, 25 Septemba

Shiro anatufuata yadini na saa mkononi, anapima kila kitu. Hillary anamtania kwamba atapima hadi tukienda chooni. "Tayari," Shiro akamjibu bila kuinua macho. "Wewe ni dakika tisa." Tarsem alicheka hadi kilemba kikamlegea.

Jumanne, 30 Septemba

Baridi ya kwanza. Nashukuru kwa soksi.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo siandiki.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike.

Jana saa nne asubuhi mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa basi la njia ya saba na Hillary yuko la njia ya sita. Ndoo yangu ilipasuka chini, maji yote yakanimwagikia viatuni. Nikashuka. Nikaona ndoo ya Hillary mbele ya gurudumu. Nikachungulia basi lake: milango wazi, deki ya chini imesafishwa, imepigwa mopu, inang'aa. Nikajiambia amemaliza, amekwenda chai, ndoo ameisahau. Sikumwita. Sikupanda juu. Nikaichukua ndoo, nikaenda nayo bombani kule ukutani.

Hillary alikuwa juu. Alikuwa amepiga magoti nyuma kabisa anakwangua bazoka iliyotafunwa na kubandikwa chini ya kiti.

Bomba lilikuwa linatiririka, sikusikia chochote. Nilipokuja kusikia, ni Hillary akilia. Basi lilikuwa limesogea urefu wa gari dogo tu. Alikuwa ameinuka kulifuata dirisha aone kulikoni, basi likasimama ghafla, akatupwa ngazini. Mkono umevunjika kifundoni. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho ameushika kama mtu aliyeshika kifaranga, na Tarsem amemwinamia anasema, "Ndoo haikuwepo, kijana. Haikuwepo. Nimetazama."

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi. Ilikuwa imejaa. Niliiweka chini, pale pale ukutani, nikaenda kumsaidia Hillary kuvua kizibao.

Malek alikuja, akamwuliza Tarsem kwa nini hakukagua basi. Tarsem akarudia kwamba ndoo haikuwepo.

"Ndoo gani?" Malek akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Na mimi sikumjibu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilimtembelea Hillary hospitali kabla hawajamruhusu. Nimempelekea ndizi. Kwa mkono mmoja hawezi kuzimenya, nikammenyea.

Jumanne, 14 Oktoba

Tarsem amesimamishwa kazi mpaka kikao cha nidhamu. Tarehe ni 27 Novemba. Wakimkuta na hatia anafukuzwa, na amebakiza miaka minne astaafu.

Nimejua kwa Shiro. Alikuja kantini uso umemshuka. Malek amechukua mchoro wake, ule wa matendo, akauweka kwenye faili la Tarsem. Pale kwenye mchoro pana kisanduku kimeandikwa kwamba shanta anakagua deki ya juu, na chini yake majina ya walioshuhudia hivyo: Tarsem mwenyewe, Hillary, na Dinah, yaani mimi.

"Sikuuchora kwa ajili hiyo, Anti," Shiro alisema. "Niliuchora ili kompyuta ielewe."

Nikamwambia najua, mwanangu. Lililobaki la kumwambia lilikuwa lile la ndoo tu.

Jumapili, 19 Oktoba

Woolwich, ibada. Leo ilikuwa zamu yangu kuongoza maombi ya akina mama. Nimewaombea wagonjwa, wasio na makaratasi, watoto walioacha kanisa. Nimemwombea na Tarsem, nikamtaja kama mfanyakazi mwenzangu aliye katika jaribu. Walisema amina kwa sauti. Mama mmoja akanishika mkono akaniambia mimi nina moyo wa huruma.

Kwenye treni niliketi nikitazama viatu vyangu toka North Greenwich hadi Kilburn.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Shanta wa muda tuliyeletewa ni mgeni, anakagua kila basi kama kitabu kinavyotaka, na mabasi mawili yamechelewa kutoka. Malek anapiga kelele. Sisi tunaweka ndoo, huyo shanta anatuuliza za nini.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeona haya kuandika shukrani, na daftari lenyewe nimeliacha siku tano. Mtu anayeshukuru na huku ameficha kitu ni kama mgeni anayesifu chakula na kijiko cha watu kiko mfukoni.

Lakini niseme na upande wangu, maana daftari linavumilia. Nina miaka kumi na moja pale gereji. Sijachelewa, sijaandikwa barua. Nimetoka kijijini kwetu nikaja kusafisha, na nimesafisha vizuri. Nikisema, mimi ndiye nitakayefukuzwa badala yake, na kwa jambo la kuvunja mkono wa mwenzangu nani ataniajiri? Na Tarsem ana chama cha wafanyakazi, kitamtetea. Hivyo ndivyo ninavyojiambia nikipiga mopu. Nikifika deki ya juu siambiwi tena na moyo kwamba ni kweli.

Jumatano, 5 Novemba

Hillary amerudi, mkono umo ndani ya plasta, wamempa kazi ya kuhesabu dawa za kusafishia. Kwenye plasta dada zake wamemchorea ng'ombe.

Shiro alituita sisi wawili ofisini kwake kuangalia modeli. Sasa ameitia uhai. Akibonyeza, mabasi madogo yanatembea kwenye skrini, na saa inakimbia pembeni. Akasema ataiendesha asubuhi moja ya kawaida, kama tulivyomweleza sisi wenyewe. Akabonyeza.

Mabasi yakaanza kuingia. Shanta mdogo kwenye skrini akapanda la kwanza, akakagua, akalisogeza. La pili. La tatu. Saa ikafika tano, mabasi yakawa yamepangana mlangoni hadi barabarani, na shanta yuko la kumi na tisa.

"Arobaini na mawili," Shiro akasema. "Kila moja dakika nne za kukagua. Na nimempima Mzee Tarsem kwa saa yangu, nikiwa getini, wiki mbili, kabla ya ajali. Yeye alikuwa anamaliza yote saa nne na nusu." Akageuza kiti akatutazama. "Ama hesabu yangu ni mbaya, ama mmenidanganya. Na hesabu yangu si mbaya."

Hillary akakuna plasta. Kisha akasema neno moja.

"Ndoo."

Na yote yakatoka. Alimweleza vizuri, kuliko hata ambavyo ningeweza mimi: gurudumu la mbele, upande wa kulia, aliyeweka ndiye anayeondoa. Shiro hakukasirika. Alikuwa anaandika kama mtu aliyepata maji. Kwenye mchoro wa vitu akaongeza kisanduku, ndani yake akaandika ndoo. Kwenye mchoro wa matendo akaongeza mishale miwili, kuwekwa na kuondolewa. Akabonyeza tena. Mabasi yote arobaini na mawili yakapita, saa nne na nusu kamili.

"Hii ndiyo gereji yenu," akasema.

Halafu akamwuliza Hillary, "Siku ile, uliiweka?"

"Niliiweka."

"Uliiondoa?"

"Ningeiondoaje, dada? Nilikuwa juu."

"Kwa hivyo kwenye modeli ndoo bado ipo." Akaigusa ndoo kwenye skrini kwa kidole. "Na Mzee anasema haikuwepo."

Nje fataki za sikukuu ya Waingereza ya Novemba tano zilikuwa zimeanza kulia, ingawa jua lilikuwa halijazama. Nilisema mabasi yananingoja, nikatoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Nusu ya ukweli imefanya kazi yake. Shiro alimpelekea Malek mchoro mpya akidhani anamsaidia Tarsem. Malek akausoma vingine. Sasa faili linasema: ndoo iliwekwa, haikuondolewa, kwa hivyo shanta aliiona akaipuuza. Kwanza alikuwa mzembe. Sasa ni mwongo pia.

Ee Bwana, nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kumemshuhudia uongo mtu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Hillary aliniambia kantini, "Mimi Mzee sijui nimwelewe vipi, Mama Marion. Kama angesema tu aliharakisha, ningemsamehe siku ile ile. Lakini kuniambia usoni ndoo haikuwepo?" Akatikisa kichwa. Nikakata mandazi yangu vipande vidogo vidogo, sikula hata kimoja.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefunga. Siku ya kwanza kati ya tatu.

Jumatano, 19 Novemba

Nimemaliza kufunga. Nilikuwa naomba Mungu anifungulie njia, na leo jioni nikipanga vyombo nimeona kwamba njia imekuwa wazi siku zote. Kilichobaki ni kujua tu basi namba ngapi linakwenda Neasden, kwa Tarsem.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda Woolwich. Nimekwenda kwa Tarsem.

Mkewe, Poonam, ndiye aliyefungua. Mama mnene mpole, mzaliwa wa Kisumu. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha kwetu, akanivulisha koti kama mtoto, akaleta chai ya maziwa na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Tarsem alikuwa ameketi karibu na dirisha. Amekonda.

"Dada Dinah," akasema. "Umekuja kuniona kabla hawajanizika?"

"Nimekuja kusema kitu, Mzee. Nikianza kula sitakisema."

Nikakisema. Sikuzunguka. Ndoo yangu ilipasuka, nikachukua ya Hillary, sikuita, sikupanda. Uliposema haikuwepo ulisema kweli. Mimi nilikuwa nayo mkononi.

Poonam alikuwa amesimama na birika, akabaki amesimama.

Nilitarajia anitukane, nilikuwa tayari. Tarsem akatoa miwani yake, mipya, ina fremu nyeusi, akaiweka mezani.

"Hii nimenunua Oktoba," akasema. "Daktari wa macho amenipima mara mbili. Mara ya kwanza akasema macho yako ni mazuri kwa umri wako. Nikamwambia pima tena, nimeacha kuona vitu. Kitu kikubwa, cha manjano, mbele ya gurudumu. Akapima tena. Akanipa hii, nadhani ili niende."

Nikaitazama ile miwani pale mezani.

"Hajaendesha gari wiki sita," Poonam akasema. "Wajukuu hawachukui shuleni tena. Anasema ataua mtu."

"Kila siku naketi hapa," Tarsem akasema, "naangalia kile kiwanja cha maegesho pale chini. Nahesabu magari. Namwambia huyu, ngapi? Yeye anahesabu. Tunapata sawa kila siku. Na bado nikawaza, Tarsem, siku ile hukuona. Wote wanasema ndoo ilikuwepo. Hata kijana mwenyewe. Mtu mmoja atakuwa na akili kuliko wote?"

Nikapiga magoti, Mungu anajua sikupanga. Tarsem akasema niinuke, zulia ni jipya. Halafu akauliza, "Alhamisi utasema?"

"Kesho nitasema."

"Sema Alhamisi vilevile. Nataka kukusikia ukisema mbele yao." Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayeagiza kitu alichokilipia.

Hakunisindikiza mlangoni. Poonam ndiye aliyenisindikiza, na muhogo akanifungia kwenye karatasi. Nimeubeba hadi nyumbani, nimeuweka mezani, uko hapa mbele yangu umepoa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nilianza na Hillary, maana mkono ni wake. Nilimwambia kule stoo ya dawa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Uliniletea ndizi."

"Ndiyo."

"Ulinimenyea."

"Ndiyo, Hillary."

Akarudi kuhesabu chupa zake. Nilisimama kidogo, nikaona ananingoja niondoke.

Kisha Shiro, kisha Malek, Shiro akiwa ameketi pembeni kwa ombi langu. Malek ameniandikisha karatasi mbili. Hakupiga kelele. Ni mtu wa kupiga kelele kwa mambo madogo.

Shiro alinifuata kwenye korido. "Anti, lazima niweke hilo kwenye modeli. Jina lako sitaliweka. Kitendo tu."

"Kwa nini ukiweke? Si ni kosa?"

"Ndiyo maana. Nilichora vile mambo yanavyokwenda sawa tu. Mfumo lazima ujue na vile yanavyoharibika, ama siku moja utashangaa." Akanionyesha kwenye kompyuta yake ndogo. Kulikuwa na mshale mpya, mwekundu, kati ya ndoo kuwekwa na basi kusogezwa. Umeandikwa: mtu mwingine anaondoa alama. Mshale mfupi tu, kama kucha.

Alhamisi, 27 Novemba

Kikao. Chumba kidogo, watu sita, joto la hita. Nilisema. Nilimtazama Tarsem nilipokuwa nasema, kwa sababu ndivyo alivyotaka, na yeye alinitazama mimi bila miwani.

Amesafishwa. Anarudi Jumatatu. Malek amepewa mwezi mmoja aweke utaratibu ambao watu wanaweza kuufuata. Mimi nimepewa onyo la mwisho la maandishi, mwaka mzima. Mtu wa ofisi kuu alisema kwamba kama nisingejitokeza mwenyewe ningefukuzwa. Nilisaini. Kalamu yao haikuwa na wino, wakatafuta nyingine.

Ijumaa, 28 Novemba

Nashukuru kwa usingizi.

Jumatatu, 1 Desemba

Utaratibu mpya umeanza. Shiro ameuchora, na kabla ya kuuweka ametuendesha sisi wote kwenye skrini mara kumi. Hakuna ndoo tena. Kila msafishaji ana kibao chekundu cha plastiki chenye jina lake. Unakitundika kwenye ndoano mlangoni unapoingia, na hakuna wa kukigusa ila wewe. Ukimaliza unakitoa, unakwenda kumkabidhi shanta mkononi, unamwambia basi liko tupu. Akishapokea vibao vya waliokuwa ndani, analisogeza. Hahitaji kupanda.

Tarsem amerudi. Madereva walimpigia makofi. Alinisalimu: "Habari za asubuhi, Bi Dinah."

Kwa wasafishaji wengine anapokea kibao na kuwasha basi. Kwangu alipokea kibao, nikasema liko tupu, akapanda. Nilisikia hatua zake chini, kisha ngazini, kisha juu hadi nyuma kabisa. Akashuka, akawasha.

Jumanne, 2 Desemba

Amepanda. Mabasi yangu yote kumi na matatu.

Jumatano, 3 Desemba

Amepanda.

Ijumaa, 5 Desemba

Amepanda. Miguu yake si mizuri kwenye baridi, nasikia anavyoshika vyuma vya ngazi. Nilitaka kumwambia asijisumbue. Nimeona si mahali pangu. Mtu akitaka kuhakikisha neno lako, mwache ahakikishe, wewe ndiye uliyempa sababu.

Jumanne, 9 Desemba

Plasta ya Hillary imetolewa. Mkono umekuwa mwembamba kama wa mtoto. Leo aliniomba nimshikie mopu akifunga kamba ya kiatu. Ndilo neno la kwanza toka siku ile ya stoo. Nashukuru kwa kamba ya kiatu.

Ijumaa, 12 Desemba

Malek amemwuliza Tarsem kwa nini mabasi ya Dinah yanachukua dakika nne zaidi, kompyuta imemwonyesha. Tarsem akajibu kwamba kompyuta ina macho mazuri.

Jumapili, 14 Desemba

Woolwich. Mchungaji aliwaita akina mama wasome shukrani zao. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikasema sitasoma, nitasema tu. Nikawaambia kwamba yule niliyewaomba wamwombee mwezi wa kumi, aliyekuwa amemtia katika jaribu ni mimi. Yule mama aliyenishika mkono siku ile hakunishika leo. Nilipotoka nje mwingine, ambaye hatuzoeani, alinipa nafasi chini ya mwavuli wake hadi kituoni.

Jumanne, 16 Desemba

Amepanda.

Alhamisi, 18 Desemba

Amepanda, akateleza kidogo. Hakuanguka. Niliomba nikiwa nimesimama pale pale kwenye mvua.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ya mwisho kabla ya likizo yangu. Mvua ilinyesha toka asubuhi, ile nyembamba isiyotosha mwavuli. Tarsem alipanda basi langu la kwanza, la pili, la tatu, hadi la kumi na mbili.

La kumi na tatu tulisafisha wawili, mimi chini na Hillary juu. Nilimaliza mimi kwanza. Nikatoa kibao changu, nikabaki nacho mkononi, nikamngoja mlangoni. Cha Hillary kilikuwa bado kinaning'inia. Tarsem alikuwa amesimama nje, maji yanamtiririka kilembani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Mimi nimemaliza. Hillary yuko juu."

"Umemwona?"

"Namsikia. Ngoja nimwone."

Nikapanda. Hillary alikuwa anamalizia dirisha la mwisho kwa mkono wake mzima. Nikamngoja. Tukashuka pamoja, akatoa kibao chake mwenyewe, akampa Tarsem, akaenda zake chai. Nikarudi tena juu peke yangu, nikatembea hadi nyuma, nikainama nikatazama chini ya viti, upande huu na upande huu. Nikashuka. Nikamkabidhi kibao changu.

"Liko tupu," nikasema.

Tarsem akakitazama kibao, akaipangusa mvua kwenye jina langu kwa kidole gumba. Nikasogea pembeni ili apate nafasi ya kwenda ngazini.

Akaingia chumba cha dereva, akafunga mlango wake. Basi likaondoka kimya, bila yeye kupanda juu, nami nikabaki yadini nikilitazama hadi likakata kona ya njia ya sita.